Sahani Moja, Saa Moja: Namna ya Kuwasaidia Paka wa Mtaani

Mtu anayetaka kumsaidia paka wa mtaani huanza na chakula. Hana kosa. Njaa ndiyo shida inayoonekana: mbavu zimetokeza, mnyama anakulilia miguuni, na mkononi una kichwa cha samaki. Lakini ukilisha bila mpango unashibisha matumbo ya leo na kuongeza matumbo ya kesho. Jike aliyepata nguvu hupandwa na kuzaa, na wengi wa wanawe hufa wakiwa bado wadogo, kwa mafua, kuhara, viroboto, mvua na magurudumu ya pikipiki. Nataka kueleza namna ya kutumia chakula hichohicho kufikia jambo linalopunguza mateso hayo kweli, nalo ni kuwafunga kizazi paka wa mtaa mzima. Naandika nikiufikiria Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kuwa ndio ninaoujua. Lamu, Mombasa na pale Feri, Dar es Salaam, mambo hayatofautiani sana.

Kwanza fahamu kwa nini huku kwetu wanazaana mno. Paka jike huingia joto kwa kufuata urefu wa mchana. Ulaya, mchana unapofupika wakati wa baridi, wengi hupumzika kuzaa kwa miezi kadhaa. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo paka wetu hawana msimu wa kupumzika. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65. Mtoto wa kike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na mama anaweza kuingia joto tena angali ananyonyesha. Jike aliyeanza kulala uani kwako wakati wa kaskazi anaweza kuwa bibi kabla kaskazi nyingine haijavuma.

Ndiyo maana kuwaondoa hakusaidii. Kuna desturi ya kumtia paka kwenye polo na kwenda kumwaga sokoni Darajani au mbali huko shamba, kisha mtu akarudi nyumbani akijiona ametenda wema kwa kuwa hakumuua. Paka aliyemwagwa hajui maji yako wapi, hajui pa kujificha, na wenyeji wa pale humpiga mpaka akimbie au afe. Akifika msituni anakula ndege na mijusi wasiozoea adui kama yeye. Na kule alikotoka jaa bado lina utumbo wa samaki, basi nafasi yake huchukuliwa na wengine baada ya muda mfupi. Sumu ni mbaya zaidi. Humuua paka kwa maumivu makali, na mzoga wake humfikia kuku, mbwa, hata mtoto anayechezea mchangani. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Anayetega sumu mtaani asidhani ni jambo lake binafsi.

Saa na sahani

Chagua mahali pamoja na saa moja, usibadilishe. Mimi napendelea jioni, kunguru wanapokwenda kulala, kwa sababu mchana kunguru hunyang'anya nusu ya chakula na kuchafua iliyobaki. Pawe mahali pakavu, pembeni mwa njia, pasipo mlango wa mtu. Weka sahani, subiri kama nusu saa, kisha ondoa kila kitu na ufagie. Chakula kilichoachwa usiku kucha huita panya na mende, na hugombanisha watu.

Saa hiyo moja ndiyo msingi wa kazi yote. Paka akishajua wakati wake huja mwenyewe, nawe huhitaji kumtafuta vichochoroni siku ya kumkamata. Ukiwa umekaa kwenye baraza ukiwatazama wakila, utaona nani hajaja, nani anachechemea, nani tumbo limeanza kushuka. Kuwa na daftari. Andika rangi, alama, jike au dume, na kama ncha ya sikio imekatwa (nitaeleza maana yake hapo chini). Kuna jambo linalorahisisha hesabu: paka wa rangi tatu, yaani mweusi, mwekundu na mweupe kwa pamoja, karibu wote ni majike, na paka wekundu wengi wao ni madume. Anayetaka kuanza na majike, na ndivyo inavyofaa, aanze kuwatafuta wa rangi tatu.

Kuhusu chakula chenyewe, dagaa waliochemshwa bila chumvi ndio rahisi na hupatikana kila mahali. Wakiwa wakavu na wenye chumvi, waloweke kwanza na umwage maji yale. Vichwa vya samaki kutoka kwa wachuuzi ni vizuri pia, ila vichemshe, uvichambue na utoe mifupa mikubwa, maana mfupa uliopikwa huwa mkavu na hukwama kooni. Kuna sababu nyingine ya kuchemsha: baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu kwa muda mrefu huanza kuyumba na kushindwa kuinua shingo. Changanya na mapupu kutoka bucha. Maini yatoshe mara moja kwa wiki. Wali au ugali uwe wa kuongezea tu, kwa kuwa paka ni mla nyama, na sahani ya wali mtupu humjaza tumbo huku akikonda.

Mabaki ya pilau, mchuzi na urojo usimpe. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu damu ya paka, kibichi au kilichopikwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao, na mtoto mdogo anayehara hukauka maji na kufa upesi. Na ukiomba utumbo na vichwa vya samaki kwa wavuvi, angalia sana kusiwe na bunju. Sumu ya bunju haiondoki kwa kupikwa, nayo humuua paka kama inavyomuua mtu.

Maji husahaulika kuliko chakula. Pwani yetu ina joto na chumvi, na paka wengi hunywa maji ya mifereji. Weka bakuli zito la udongo kivulini, libadilishwe kila siku. Mwezi wa Ramadhani, mikahawa inapofungwa mchana na majaa yakawa makavu hadi usiku, bakuli la pili la maji ni msaada mkubwa.

Niwaambie jambo wenye hoteli na nyumba za wageni za Nungwi, Paje na kwingineko ufukweni. Wageni hulisha paka mezani miezi yote ya biashara, majike wananenepa na kuzaa. Masika ikifika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga na wageni hawapo. Paka waliozoea meza hubaki na watoto, mvua ikiwanyeshea, bila hata mfupa. Ukifunga hoteli, mlinzi anabaki. Mwachie fungu la dagaa. Na kabla ya masika hiyo, wakati pesa ipo, mwite daktari wa mifugo awafunge kizazi paka wote wa eneo lako. Kwa hoteli hiyo si gharama kubwa.

Kumkamata na kumfunga kizazi

Panga na daktari kwanza, kisha ndipo umkamate paka, usianze kwa kukamata. Zanzibar ipo Zanzibar Animal Affection Society, Lamu ipo Lamu Animal Welfare Clinic, na kwingineko Kenya kuna shirika la KSPCA. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama. Kwingineko uliza ofisi ya mifugo ya wilaya yako ni daktari gani anayefanya upasuaji wa paka, maana wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi na watakuambia hivyo waziwazi. Zungumza naye bei ya paka kadhaa kwa pamoja.

Usiku wa kuamkia siku ya kukamata usilishe, acha maji tu. Njaa kidogo humwingiza paka mtegoni, na tumbo tupu ni salama wakati wa dawa ya usingizi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kizimba cha wavu wa chuma, urefu kama sentimita 80, upana na kimo sentimita 30, chenye mlango unaoanguka paka akikanyaga kibao cha ndani. Ukikosa, tumia tenga la kuku. Liegemeze upande mmoja juu ya kijiti, funga kamba ndefu kwenye kijiti, weka samaki wa kukaanga chini yake, kaa mbali. Usivute kamba mpaka mwili wote umeingia pamoja na mkia. Likianguka, lifunike kanga papo hapo. Giza humtuliza paka kuliko maneno yoyote. Telezesha kipande cha plaiwudi chini yake, ufunge kwa kamba. Usijaribu kumshika kwa mikono hata kama huja kwako na kujisugua kila jioni. Paka aliyebanwa huuma mpaka mfupani. Na usimtie kwenye polo, humo hukosa hewa na kuzidiwa na joto.

Mtazame tumbo kabla hujamchukua. Chuchu zilizovutika na zisizo na manyoya pembeni ni dalili kwamba ananyonyesha. Mwache kwanza mpaka watoto waanze kula wenyewe, kama wiki sita hadi nane, halafu mchukue yeye na wao.

Baada ya upasuaji mlaze ndani, pakavu, pasipo jua. Inua kizimba juu ya matofali na uangalie sisimizi, kidonda kibichi huwavuta. Asipewe chakula mpaka amezinduka kabisa na anasimama bila kuyumba. Dume anaweza kurudishwa kesho yake, jike baada ya usiku mmoja au miwili, kadiri daktari atakavyosema. Mrudishe palepale ulipomtoa. Akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, daktari humkata ncha ndogo ya sikio, kwa kawaida la kushoto. Hiyo ni alama inayoonekana kwa mbali, ili asikamatwe tena na kupasuliwa bure.

Malizia mtaa mmoja kabla ya kuhamia wa pili. Ukimfunga mmoja hapa na mmoja kule hutaona tofauti yoyote, utachoka na pesa itakwisha. Lakini kiambo kimoja ambacho karibu paka wote wamefungwa kizazi hubadilika ndani ya miezi: watoto wanaokufa barazani hawaonekani tena, vilio vya usiku hupungua, na madume huacha polepole kunyunyiza mikojo milangoni.

Kuzungumza na majirani

Hilo la mikojo na vilio ndilo la kuanza nalo kwa jirani. Usimwendee na habari za huruma, huruma anayo. Huku pwani mtoto aliyesoma chuoni anajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, anajua Abu Huraira aliitwa hivyo kwa ajili ya paka, na anajua chombo alichonywea paka si najisi. Kinachomkasirisha mama wa nyumba ya pili ni harufu kwenye ngazi na kelele za alfajiri. Mwambie kuwa mpango wako unapunguza hayo mawili, na mwombe akuvumilie. Mwonyeshe kuwa unafagia. Weka pembeni kisanduku cha mchanga mkavu wa paka kujisaidia, ukitoe uchafu kila siku.

Wapo watakaosema, "Mwanangu, kumkata kizazi kiumbe cha Mungu hakufai." Usibishane nao kwa kiburi. Wanazuoni wana kauli zao tofauti katika jambo hili, na wapo wanaoruhusu pale linapozuia madhara makubwa zaidi. Nenda kwa shehe anayeaminika mtaani kwenu kabla hujaanza, mweleze unachokiona: watoto wangapi wanazaliwa, wanakufaje, na njia nyingine ambazo watu wanazitumia, yaani polo na sumu. Nina hakika mazungumzo hayo hufaa kuliko bango lolote. Kisha mpitie sheha umjulishe, asije akasikia kwa watu kwamba kuna mtu anakamata paka usiku.

Watoto waliookotwa

Ukisikia watoto wa paka wanalia kwenye gofu, usiwachukue mara moja. Mama yao anaweza kuwa amekwenda kutafuta chakula kwa saa kadhaa. Nyunyiza unga wa ngano kidogo kuzunguka walipolala, ondoka, rudi baadaye. Ukikuta nyayo kwenye unga, mama amepita. Watoto walioshiba hulala kimya wamerundikana. Wenye njaa na baridi hulia mfululizo na kutawanyika. Kama wako salama waache, umsaidie mama kwa chakula na maji karibu nao, na kama mvua inatishia waletee boksi lililoinuliwa juu ya ardhi.

Mama akiwa amekufa, kinachotangulia ni joto. Mtoto aliye baridi tumbo lake halisagi kitu, na ukimnywesha hivyohivyo unaweza kumuua. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kanga, mweke pembeni yake mpaka awe na joto mwilini. Kisha tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo au kwa daktari. Mnyweshe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kamwe asilale chali kama mtoto wa mtu, maana maziwa huingia mapafuni. Wa chini ya wiki moja anahitaji kunywa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila akinywa, mpanguse sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa sababu bila kulambwa na mama hawezi kukojoa wala kwenda haja. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na akifika wiki nne anaweza kuanza kulamba dagaa waliopondwa. Ukimshika kwa upole kila siku kabla hajafika wiki nane, atakuwa paka wa nyumbani na utampatia mtu wa kumlea. Akichelewa zaidi ya hapo huwa vigumu kuzoea watu, na mahali pake ni mtaani pamoja na wenzake, akiwa amefungwa kizazi.

Ugonjwa, na dawa zinazoua

Paka wengi huuawa na dawa walizopewa kwa nia njema. Usimpe panadoli: kidonge kimoja kinaweza kumuua. Usimpake Dettol kidondani, akijilamba humdhuru. Mafuta ya taa ya kuulia viroboto humchoma ngozi na mapafu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, na zile za viroboto vya mbwa zenye permethrini, humtetemesha mpaka afe. Kidonda kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa kwa nusu lita. Maji hayohayo hufaa kwa macho yenye tongotongo: tumia pamba moja kwa jicho moja, uitupe. Jicho lililovimba au lenye ukungu linahitaji daktari upesi.

Paka anayetapika na kuhara ghafla, amejikunja juu ya bakuli la maji bila kunywa, huenda ana ugonjwa wa virusi unaofuta kizazi kizima cha watoto. Mtenge. Osha vyombo kwa jiki iliyochanganywa na maji, na usilete mtoto mwingine mahali hapo, kwani virusi hivyo hudumu kwa miezi mingi. Chanjo yake ipo. Muulize daktari kama anaweza kuwachanja paka siku hiyohiyo anapowafunga kizazi.

Kuna janga la pwani ambalo vitabu vya wafugaji wa mjini hulitaja mara chache. Pale Malindi, karibu na samaki wanakoshushwa, nilimwona jike mweupe mwenye doa jeusi shingoni, mshipi unaning'inia pembeni mwa mdomo kiasi cha shubiri, kila akimeza mate unapanda kidogo. Kijana mmoja mwenye huruma alikuwa amekwisha kuinama auvute. Mzee aliyekuwa akishona nyavu akamzuia: "Usivute, mwanangu, ndoana iko ndani." Alisema kweli. Hata pasipo ndoana, mshipi uliokwisha kuingia tumboni hukata utumbo kama msumeno ukivutwa, na ni vivyo hivyo ukiuona unatokea nyuma. Mweke paka kizimbani, usimlishe, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na ukiwa mvuvi, kata mshipi mbovu vipande vifupi, uutie kwenye chupa kabla ya kuutupa.

Jilinde nawe. Ukiumwa au kuparuzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka pia huambukiza. Usisubiri dalili, dalili zikionekana hakuna tiba. Mama mjamzito asisafishe kisanduku cha mchanga. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, ambavyo huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, na ndiyo sababu nyingine ya kusafisha kila siku. Choa unachoweza kuambukizwa na paka hupona, ila vaa glavu.

Gari yako ikiwa imelala nje, hasa usiku wa mvua, gonga boneti kabla ya kuwasha, maana paka hujificha humo.

Mwisho, tafuta mtu wa pili mapema. Kazi hii ya kila jioni haiwezekani kwa mtu mmoja, na paka waliozoeshwa saa huendelea kuja hata ukiwa kitandani na homa. Kijana wa dukani, mlinzi wa usiku, mama lishe wa kona, yeyote anayekuwepo saa ile anafaa. Akae nawe jioni chache, awajue paka kwa alama zao. Unaposafiri mwachie daftari, namba ya daktari na pesa ya dagaa ya siku zote utakazokuwa nje, na kama yupo jike ambaye bado hajafungwa kizazi, mwoneshe kwa kidole kabla hujaondoka.